Aya ya Tatu, Nyuma ya Jalada

Jumatatu, Juni 8, 1964

Albamu ya Lorraine Pettway itaanza kurekodiwa kesho saa kumi alasiri, kwa kauli ya Clyde Bascomb, mwenye kampuni ndogo ya santuri, aliyenipigia simu chumba cha habari cha gazeti letu leo asubuhi. Nyimbo kumi na mbili. Anataka niandike maneno ya nyuma ya jalada. Nimeshawahi kuandika ya namna hiyo, na kila mara nilisikiliza kazi ikifanywa kabla ya kuandika neno. Nikamwambia nitakaa studio. Akasema nikae nitakavyo, mradi nisije na viatu vya kisigino vya kugonga sakafu.

Jumanne, Juni 9

Studio ya Bascomb zamani ilikuwa karakana ya matairi, na siku ya joto kama leo bado inanuka mpira. Ukutani kuna feni moja kubwa. Taa nyekundu ikiwaka feni inazimwa, maana vipaza sauti vinaisikia. Kwa hiyo kila utakachosikia kwenye santuri hii kimepigwa na watu waliolowa jasho.

Lorraine ana miaka ishirini na tisa na hii ni albamu yake ya kwanza. Alikuja na chupa ya chai ya limau na binamu zake wawili wa kuitikia, wote wa kwaya moja ya kanisani. Leon Crutcher, mpiga gitaa, alikuwa amekwisha kufika. Anajua kupiga, na anajua kwamba anajua. Kabla feni haijazimwa hata mara moja, yeye alikuwa ameshamrekebisha mpiga ngoma mara mbili. Simpendi.

Otha Meeks alifika wa mwisho, kwa mlango wa uchochoroni, gitaa lake la besi likiwa ndani ya mfuko ambao mkewe, Eula, hupelekea nguo kwa dobi. Otha ni mpiga besi wa kampuni kubwa ya santuri iliyo mitaa miwili kutoka hapa. Analipwa kwa wiki, na mkataba unamkataza kupiga kwingine kokote. Kabla ya kupata nafasi hiyo alikuwa machinjioni, akibeba nyama kwenye vyumba vya barafu, na kila majira ya baridi vidole vilikuwa vikifa ganzi hadi Februari. Nusu ya wanamuziki wa South Side, upande wetu wa kusini wa mji, wana mikataba ya aina hiyo, na nusu hiyo hiyo huivunja kila wiki. Desturi ni moja tu: jina halitajwi. Kwenye karatasi za Bascomb, Otha anaitwa George. Mimi pia nikimsalimia mle ndani namwita George.

"Bi Gazeti," akaniambia, "umekuja kutuandika au kutuombea?"

Nikamwambia itategemea atakavyopiga.

Alikaa juu ya kreti la maziwa, akavua kiatu cha kushoto na soksi, akakanyaga mbao kwa unyayo mtupu. Anasema ngoma humfikia mguuni kabla haijafika sikioni. Sijaona mpiga besi mwingine mjini anayefanya hivyo.

Zimepatikana nyimbo mbili.

Alhamisi, Juni 11

Joto. Nimeandika habari ya shule ya Wentworth, madarasa ya zamu. Sikwenda studio.

Jumanne, Juni 16

Wimbo wa nne, ule wa taratibu, umerudiwa hadi Lorraine akaketi sakafuni. Leon alisimamisha kazi akasema besi inachelewa.

"Sichelewi," Otha akajibu. "Wewe ndiye una haraka, kama mtu aliyeacha sufuria motoni."

Watu wakacheka. Leon hakucheka. Akamwuliza kama huko kwa mabwana zake ndiko wanakopiga kizembe hivyo. Kilikuwa kitu kisichosemwa, na amekisema huku mlango wa barabarani uko wazi kwa ajili ya hewa. Bascomb alitoka kwenye chumba cha mitambo, akaufunga mwenyewe.

Baadaye tulisikiliza mkanda. Leon alikuwa na haki: besi inachelewa, kiasi cha pumzi moja. Bascomb ameuchagua mkanda huo huo. Anasema ukiinyoosha besi wimbo utakuwa mzuri, na nyimbo nzuri anazo nyingi.

Jumatano, Juni 17

Mwangwi wa nyimbo za Bascomb unatengenezwa chooni: spika juu ya tangi, kipaza sauti kwenye sinki. Leo mmoja wa binamu za Lorraine aliingia humo bila kujua kwamba taa nyekundu inawaka. Tumepoteza mkanda safi kabisa wa wimbo wa tano, na tumepata kitu ambacho mpiga ngoma ameomba apewe nakala yake.

Jumanne, Juni 23

Nimemaliza maneno ya jalada. Bascomb aliyataka mapema kwa sababu mpiga chapa anahitaji wiki kadhaa. Aya tano. Ya kwanza Lorraine, ya pili kanisa na binamu. Ya tatu ndiyo iliyonichukua muda. Nimeinakili hapa:

"Sikiliza chini ya sauti yake. Yuko mtu amekaa juu ya kreti la maziwa, kiatu cha kushoto amekivua, unyayo wake uko sakafuni kama anayepima kina cha mto. Jina lake si lazima ulijue. Ukisikia wimbo wa nne utamjua."

Bascomb aliisoma akacheka. "Umemweka mzima mzima," akasema. Nikamwambia sijamtaja. Akakubali kwamba sijamtaja. Karatasi zikaenda kwa mpiga chapa mchana ule ule.

Niliridhika nayo. Ni aya sahihi kuliko zote nilizoandika mwaka huu.

Jumanne, Juni 30

Wimbo wa saba. Otha ameleta matunda ya pichi kutoka kwa Eula, kila mtu na yake.

Ijumaa, Julai 3

Sheria ya haki za raia ilitiwa saini jana jioni Washington. Tumeubomoa ukurasa wa mbele na kuujenga upya. Nimezungumza na watu thelathini barabarani, na nimechapisha kumi na wawili ambao majina yao niliweza kuyathibitisha. Mhariri anasema mimi ndiye mtu pekee chumbani asiyehitaji kukaguliwa.

Jumanne, Julai 7

Leon ametangaza, kabla hata ya kulifungua gitaa, kwamba kampuni kubwa imemwita kufanyiwa majaribio tarehe kumi na sita. Mpiga gitaa wao anahamia California. Otha alimpongeza vizuri tu. Leon akamwambia wakishakuwa pamoja huko atamfundisha kufika kwa wakati. Sioni ni kwa nini mtu apewe habari njema kisha aitumie hivyo.

Jumanne, Julai 14

Otha ameingia kwa mlango wa mbele, gitaa mkononi, bila mfuko. Alikaa kwenye kreti, akaanza kuvua kiatu, akaacha. Akasema ameitwa ofisini leo asubuhi, wakamweleza kwamba wanajua anapiga hapa. Hawakumwambia wamejuaje. Waliyajua hadi mambo madogo madogo. Kiti chake amekwisha kupewa mtu mwingine.

Wote walimgeukia Leon.

Leon alitazama nyuma yake, kama mtu anayedhani wanamtazama mwingine. Halafu akaelewa. "Msinitazame hivyo," akasema. "Mimi nimekosana naye mbele yenu. Mtu anayetaka kumchoma mwenzake kwa wakubwa huchoma kimya kimya."

Mpiga ngoma akamjibu kwamba siku mbili kabla ya majaribio ni siku nzuri ya kuonyesha uaminifu kwa tajiri mpya.

Hatukurekodi. Nilirudi nyumbani kwa miguu nikiwa nimemhukumu Leon kama wengine.

Jumatano, Julai 15

Joto lile lile. Baraza la mji, maji, mabomba.

Ijumaa, Julai 17

Nilikwenda kwa mpiga chapa kukagua nakala ya kwanza ya jalada. Stan Wojcik ana mashine mbili na mikono isiyoisha wino. Huchapa majalada ya karibu kampuni zote za upande huu wa mji, ndogo kwa kubwa. Nakala za kukaguliwa huzitundika kwenye waya katikati ya chumba zikauke, za kila mtu pamoja, kama nguo za jumba la wapangaji.

Nilikuwa nasoma nikiwa na kalamu mkononi. Herufi zote zilikuwa mahali pake.

"Watu wanayapenda maneno yako, bibie," Wojcik akasema. "Yule bwana wa kampuni kubwa, wa tai nyembamba, alikuja kuangalia majalada yake Alhamisi ile. Akasimama hapo hapo ulipo, akayasoma yote. Akacheka peke yake."

Nikamwuliza alicheka wapi.

"Hapo kwenye mguu. Akasema mguu huu anaujua. Akaomba karatasi moja akampelekee mwenzake, nikampa. Nilikosea?"

Nikamwambia hakukosea. Ndivyo ilivyo. Kwa Wojcik ni karatasi ya sifa, na sifa hutolewa bure.

Naandika mfuatano ili usije ukanibadilika kichwani. Alhamisi ile ni Julai 9. Otha aliitwa Jumanne, Julai 14. Waliyajua mambo madogo madogo. Kreti, kiatu, wimbo wa nne. Leon hakusema neno. Nimesema mimi, kwa herufi za chapa, na kwa mpangilio mzuri.

Kutomtaja mtu jina katika kazi hii ya muziki maana yake ni kumficha. Mimi nilidhani maana yake ni kutoandika jina. Miaka ishirini nimekuwa nikiwafundisha wanaoanza kwamba kumwelezea mtu vizuri kunamtambulisha kuliko jina lake.

Jumamosi, Julai 18

Sijafanya kitu.

Jumatatu, Julai 20

Nimemwambia Bascomb. Alisikiliza huku akikunja waya. Hakupandisha sauti.

"Umefanya kosa la mtu mwenye macho makali," akasema. "Na mimi nikasoma nikacheka, kwa hiyo tuko wawili."

Nikamwambia nataka kuwaeleza wote kesho. Akaweka waya chini. Akasema zimebaki nyimbo nne. Nikisema kesho, Otha hatakaa chumba kimoja nami wala na yeye Bascomb. Bila Otha hakuna albamu, na Lorraine hatapata nafasi nyingine katika umri huo. Tumalize kwanza. Ile aya itatolewa, chapa itengenezwe upya kwa gharama yake, na mkanda wa mwisho ukishafungwa nitasema nitakavyo.

"Na Leon?" nikauliza.

"Leon ana ngozi ngumu. Mwezi mmoja hautamuua."

Nilikubali. Nilijiambia kwamba nakubali kwa ajili ya Lorraine. Ukweli ni kwamba nilishuka ngazi nikiwa mwepesi.

Jumanne, Julai 28

Hakuna anayemgusa Leon na hakuna anayemtukana. Alipofika leo, kiti chake kilikuwa na makasha ya ala juu yake, matatu, yamepangwa. Aliyaondoa moja moja akaketi. Akamwomba mpiga kinanda sauti ya kuwekea nyuzi, jambo ambalo kila mpiga kinanda huwapa wenzake bila hata kufikiri. Mpiga kinanda akafunika kinanda.

Leon aliweka nyuzi zake kwa sikio lake, mgongo ukiwa umewageukia wenzake. Alipoanza kupiga alikuwa sawa kabisa. Feni ikazimwa. Walirekodi wimbo wa tisa na kila mtu akapiga vizuri sana, na nadhani hilo ndilo lililokuwa baya kuliko yote.

Otha alipiga akiwa amevaa viatu vyote viwili.

Alhamisi, Julai 30

Bascomb amempigia Leon simu asije tena. Anasema ni kwa ajili ya utulivu. Atamleta mtu kutoka mji wa Gary kwa nyimbo tatu zilizobaki.

Jumatano, Agosti 5

Jana huko Mississippi imepatikana miili ya wale vijana watatu wa haki za raia waliopotea tangu Juni, chini ya tuta la bwawa. Nilipewa kukagua usahihi wa taarifa zote kabla hazijakwenda mitamboni. Nilikagua. Nilirudisha mbili kwa sababu waandishi walikuwa wamemtaja mtu bila uthibitisho.

Jumanne, Agosti 11

Leon Crutcher alikuja gazetini leo saa tano asubuhi. Alivaa tai. Sikuwahi kumwona na tai. Nilimpa kiti na kahawa.

Alisema tangu Julai hajaitwa kupiga mahali popote. Kule Forty-Seventh Street, kwenye klabu alikokuwa kila Ijumaa, wameweka mpiga saksafoni mahali pake. Kanisani kwa mama yake mtu amehama benchi ili asikae naye. Nikamwuliza kuhusu kiti cha kampuni kubwa, kwa sababu mjini inasemwa kwamba walimtumia kisha wakamkataa.

"Sikwenda," akasema.

"Hukwenda wapi?"

"Kwenye majaribio. Tarehe kumi na sita. Nilipiga simu nikawaambia watafute mwingine. Otha ameondolewa Jumanne, mimi niingie Alhamisi? Mle ndani ningemwangalia nani?"

Nikamwuliza kwa nini hakuwaambia wenzake.

"Nimwambie nani, dada? Mtu akifunika kinanda unaongea na mbao."

Halafu akasema lililomleta. Anataka nitafute nani aliyemchoma Otha. Nina njia zangu, nawajua watu wa kampuni zote, nikiuliza naambiwa. Atanipa siku zake, saa zake, mahali alipokuwa, nithibitishe kimoja kimoja.

"Unajua kwa nini nimekuja kwako, sikwenda kwa mwingine?"

"Sema."

"Kwa sababu hunipendi. Ukisema si mimi, wataamini."

Nilichukua kalamu. Alitaja alipokuwa kila siku, tangu Julai mosi hadi kumi na nne, na mimi nikaandika. Aliongea polepole ili nisipitwe na kitu. Nilimwuliza maswali mawili ya kufafanua. Alipomaliza nilimwambia nitaona ninachoweza kufanya, maneno ambayo huwa nawaambia watu ninaotaka waondoke.

Alinishukuru. Akarudisha kiti mahali pake.

Nilikosea kumhusu mtu huyu tangu siku ya kwanza. Kiburi chake ni cha kazi tu. Akiwa nje ya kazi hana.

Jumatano, Agosti 12

Mvua ya kwanza baada ya wiki mbili. Haikupunguza joto.

Alhamisi, Agosti 13

Mpiga ngoma nilimkuta kwa kinyozi, nikamwambia ni vema wasiharakishe kuhusu Leon. Akaniuliza ninajua nini. Nikasema sijui kitu. Sasa si kunyamaza tena. Nimesema uongo.

Jumatano, Agosti 19

Otha amerudi machinjioni. Nilimwona kwenye kituo cha treni akitoka zamu, amevaa koti zito katikati ya Agosti, kwa sababu mle ndani ni barafu. Tulisimama kivulini. Vidole vyake vilikuwa vyekundu na alikuwa akivikunja na kuvikunjua bila kujitambua. Alisema Eula hajambo, na albamu itakuwa nzuri.

Akaniambia pia kwamba jioni akiwa amekaa huwa anayapanga maneno atakayomwambia Leon siku wakikutana. Anayaboresha kila siku. "Sikujua kama nina chuki nyingi hivi," akasema. "Nimeivumbua ukubwani."

Treni ilikuja. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilimwambia asalimie nyumbani.

Alhamisi, Agosti 27

Wimbo wa kumi na mbili umefungwa leo saa kumi na moja jioni. Lorraine aliuimba mara moja tu. Ni wimbo wa mwanamke anayewasha taa ya kibarazani ili mtu fulani aone njia, na yeye mwenyewe hana hakika anataka afike. Mwishoni aliacha neno la mwisho binamu zake wamalizie, bila kuwapa ishara, na wao wakalimalizia. Fundi mitambo alisahau kuwasha feni.

Tukasikiliza albamu yote tangu mwanzo. Sijawahi kuwapo mahali kazi nzuri kiasi hiki inafanyika. Kwenye wimbo wa pili Lorraine aliinua kidole. "Hilo gitaa," akasema, "linanijibu kabla sijauliza." Ni Leon. Leon yumo katika nyimbo tisa, na zile tatu za yule bwana wa Gary unazitambua hata ukiwa chumba cha pili.

Nilipotoka nilimwambia Bascomb kwamba mkanda wa mwisho umefungwa.

Jumatano, Septemba 2

Bascomb anataka ningoje mpaka redio zianze kuupiga wimbo wa nne. Majuma matatu, labda mwezi. Anasema habari ya ugomvi studio inaweza kuwafanya watangazaji wasite. Aliyasema hayo akinionyesha majalada yaliyokamilika, mazuri, picha ya Lorraine amevaa kijani. Nyuma kuna aya nne. Hakuna mpiga besi, wala mpiga gitaa, hakuna mpigaji yeyote. Nikamwambia Otha sasa hana mkataba, jina lake lingeweza kuwekwa. Akasema majalada elfu mbili yameshachapwa.

Mwezi Juni nilimdhania mtu mpole. Ni mpole kweli. Mwezi ujao pia atakuwa na sababu, na ataieleza kwa upole.

Ijumaa, Septemba 4

Nilikwenda kwa Otha na Eula kabla ya zamu yake ya asubuhi. Nilianza kusema kabla ya kuketi, kwa sababu najijua. Nilieleza aya, Wojcik, waya, mtu wa tai nyembamba, tarehe. Nilisema kwamba nimejua tangu Julai 17. Nilisema Leon hakuhusika, na kwamba aliikataa nafasi yake kwa ajili ya Otha.

Otha aliniomba nimsomee hiyo aya. Nikamsomea.

"Ni nzuri," akasema. "Ungeniuliza, dada, ningekwambia andika kofia. Sina kofia."

Halafu akavaa koti. Mlangoni akasema karibu miezi miwili amemchukia mtu bure. "Hiyo nayo nitaiandika wapi?" akauliza, akatoka.

Eula alikuwa amekwisha kuniwekea sahani mezani. Aliichukua akairudisha kabatini.

Jumamosi, Septemba 5

Leon alinifungulia akiwa na pasi mkononi. Alikuwa ananyoosha shati na aliendelea kunyoosha muda wote niliokuwa nasema. Nilipomaliza aliuliza swali moja.

"Tarehe kumi na moja Agosti nilipokuja ofisini kwako. Ulikuwa umeshajua?"

"Nilikuwa nimeshajua."

"Ukanipa kahawa."

"Ndiyo."

"Ukaandika niliyokuwa nayasema. Ukaniuliza kama Jumapili ya tarehe tano nilitoka kanisani kabla au baada ya mahubiri."

"Ndiyo."

Alinyoosha ukosi upande mmoja, akaugeuza, akanyoosha wa pili. Nikaanza kusema ninavyojisikia. Akanizuia kwa mkono ulioshika pasi.

"Hapana. Hapa tuko wawili. Hapa hakuna aliyefunika kinanda. Uliyonayo yapeleke walipo wenye vinanda, ukayaseme na mimi nimekaa pale. Jina lako ulitaje kwanza, halafu ndiyo ueleze. Usianze na maelezo."

Nikamwambia nitafanya hivyo.

"Tutaona," akasema. Hakunisindikiza.

Jumapili, Septemba 6

Nimezungumza na watu wawili leo. Mhariri, nyumbani kwake baada ya ibada: anasema nikisimama mbele ya wanamuziki nikayasema hayo, hakuna hata mmoja atakayenifungulia mlango tena, na atalazimika kumpa mtu mwingine habari za muziki. Nikamwambia ampe. Atanihamishia baraza la mji na mabomba kuanzia Jumatano. Aliniuliza kama sina namna ya kuwaandikia barua tu. Nikasema kuandika ndiko kulikonifikisha hapa.

Wa pili ni katibu wa chama cha wanamuziki. Kesho ukumbi umefungwa kwa Siku ya Wafanyakazi. Mkutano wa wanachama ni Jumanne, Septemba 8, saa nne asubuhi, ukumbi wa State Street. Nimewekwa wa tatu kuzungumza, baada ya taarifa ya wagonjwa na ya bendi ya gwaride. Nimepewa dakika tano. Mpiga ngoma na mpiga kinanda watakuwapo, katibu amethibitisha. Otha ameomba ruhusa ya zamu. Leon ameuliza kama anaweza kukaa safu ya mbele, na ameambiwa anaweza.